Kiwanda cha bia kinachotegemea baridi ya usiku

KATIKA mtaa wa Anderlecht jijini Brussels, Ubelgiji, kuna kiwanda kidogo cha bia ambacho hakitumii hamira ya kununua. Kiwanda hicho, Cantillon, kilianzishwa mwaka wa 1900 na Paul Cantillon na mkewe Marie Troch, na hadi leo kingali mikononi mwa ukoo huo. Anayekiongoza, Jean Van Roy, ni kitukuu cha waanzilishi.

Kinachochachusha bia hiyo ni viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo huelea hewani na kukaa katika mbao za jengo. Msomaji wa Pwani hatastaajabu, kwani mnazi nao huchacha wenyewe bila mgema kutia chochote.

Kazi huanza kwa kuchemsha maji ya kimea cha shayiri yaliyochanganywa na ngano, takriban thuluthi moja. Hutiwa maua ya hopsi yaliyowekwa kwa miaka kadhaa hadi yakapungua uchungu, kwa sababu hapa yanahitajika kuzuia bakteria waharibifu wala si kukoleza ladha. Kisha maji hayo ya moto humiminwa katika chombo cha shaba, kipana na chenye kina kifupi, kilicho chini ya paa. Huachwa humo wazi usiku kucha, na asubuhi hutiwa katika mapipa ya mbao. Utando wa buibui haufagiliwi. Buibui hula inzi wanaofuata mapipa.

Bia inayopatikana, Lambic, ni chachu na haina povu la kutajika. Ili kupata Gueuze, Lambic ya mwaka mmoja, ya miaka miwili na ya miaka mitatu huchanganywa. Ile kongwe huleta ladha. Ile changa, ambayo ingali na sukari, huendelea kuchacha ndani ya chupa na kutoa gesi. Kriek nayo hutengenezwa kwa kuloweka matunda ya cheri yenye ukali, kiasi cha gramu 200 kwa kila lita. Asiyezizoea bia hizi hukunja uso kwa funda la kwanza.

Ukali huo nusura uwaponze. Wabelgiji wengi walipohamia bia tamu na nyepesi, Jean-Pierre Van Roy, babake Jean, alikifungua kiwanda kwa wageni kama jumba la makumbusho mnamo 1978, kikaendelea kupika.

Tatizo la sasa ni gumu zaidi. Ili maji yapoe ipasavyo, usiku unapaswa kuwa na baridi ya kati ya nyuzi 3 chini ya sufuri na nyuzi 8. Kukiwa na joto, maji hukawia kupoa na bakteria waharibifu hupata nafasi ya kuzaana. Ndiyo maana bia hupikwa miezi ya baridi pekee. Mnamo Novemba 2015, joto lisilo la kawaida lilimlazimu Jean kusitisha upishi na kumwaga bia iliyokuwa imeharibika.

Mtu atauliza kwa nini wasinunue mtambo wa kupoza. Wangeweza, lakini ni hewa hiyohiyo ya baridi inayoleta uchachu. Ukiifungia nje, utalazimika kununua hamira. Na hasara yenyewe haionekani upesi: Lambic isiyopikwa mwaka huu itakosekana katika mchanganyiko wa Gueuze miaka mitatu ijayo.