Uainishaji wa Kurasa katika Wiki za Miradi ya Programu: Tatizo la Kuchanganya Vigezo

1.0 Utangulizi

Uainishaji ni shughuli inayofahamika vyema kwa wanaisimu wa Kiswahili. Mjadala wa muda mrefu kuhusu ngeli za nomino umeonyesha kwamba idadi na mipaka ya makundi hutegemea kigezo kilichotumika kuyapata, na kwamba vigezo viwili vinapotumiwa pamoja bila kutajwa, makundi yanayopatikana hugongana. Makala hii inachunguza tatizo hilohilo katika uwanja mwingine, yaani upangaji wa kurasa katika wiki ya mradi wa programu za kompyuta. Hoja yetu ya msingi ni kwamba kila jamii ya kurasa inapaswa kujibu swali moja tu kuhusu ukurasa, na kwamba kanuni hiyo inapovunjwa anayeumia ni msomaji.

Neno wiki hapa halihusiani na juma la siku saba. Limetokana na lugha ya Kihawaii, ambamo lina maana ya 'haraka', nalo hutaja tovuti ambayo kurasa zake huandikwa na kusahihishwa na wasomaji wenyewe. Istilahi jamii tumeichukua kutoka Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, ambako hutumika kutaja kundi la kurasa zenye sifa ya pamoja. Ni maana hiyo, wala si ile ya umma wa watu, inayokusudiwa katika makala hii.

2.0 Chimbuko na Utaratibu

Wiki ya kwanza, WikiWikiWeb, ilianzishwa na Ward Cunningham mwaka 1995 kwa ajili ya watunzi wa programu waliotaka kubadilishana mawazo kuhusu kazi yao. Jamii za kurasa zilitokana na makubaliano ya waandishi. Mwandishi aliweka chini ya ukurasa wake jina la jamii, ambalo lenyewe lilikuwa kiungo cha ukurasa mwingine. Msomaji alipobonyeza kichwa cha ukurasa huo wa jamii, programu ilitafuta kurasa zote zilizotaja jina hilo na kuziorodhesha. Kwa hiyo, jamii haikuwa chochote zaidi ya neno lililorudiwa na watu wengi kwa namna moja.

MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, iliongezewa utaratibu maalumu wa jamii mwaka 2004. Mwandishi huandika jina la jamii ndani ya mabano ya mraba, nayo programu huuingiza ukurasa katika orodha bila kusubiri kibali cha mtu. Ukurasa mmoja waweza kuwa katika jamii nyingi, na jamii yaweza kuwekwa ndani ya jamii nyingine.

Mambo mawili yanafaa kusisitizwa. Kwanza, tamko la uanachama hukaa katika ukurasa, si katika jamii. Jamii hukusanya tu yale yaliyotamkwa kwingine. Pili, programu hulinganisha herufi, haielewi maana. Mwandishi mmoja akitumia jina "Miongozo" na mwingine "Maelekezo" kwa kusudi lilelile, zitazaliwa jamii mbili, na kila moja itaonekana kwa msomaji kuwa orodha kamili. Hapo ndipo ilipo hatari: orodha pungufu haitangazi upungufu wake.

3.0 Vigezo Vitatu

Kurasa za mradi wa programu zaweza kuainishwa kwa vigezo visivyopungua vitatu. Kigezo cha kwanza ni mada: ukurasa unahusu nini, kwa mfano hifadhidata, usalama au tafsiri. Cha pili ni umbo: ukurasa ni mwongozo wa hatua kwa hatua, marejeo ya kiufundi, au kumbukumbu ya uamuzi uliopitishwa. Cha tatu ni hali: maelezo yake yamekamilika, yamepitwa na wakati, au yangali rasimu.

Ngeli zinatupa mfano wa kufafanua jambo hili. Nomino kifaru, kwa kigezo cha umbo, ina kiambishi ki- sawa na kiti. Kwa kigezo cha upatanisho wa kisarufi, husemwa kifaru amekuja, sawa na mtu amekuja. Mchanganuzi anayeshika kigezo kimoja hapati taabu. Anayechukua umbo kwa baadhi ya nomino na upatanisho kwa nyingine bila kusema hivyo, hawezi kumweleza mwanafunzi kwa nini kifaru kimewekwa alikokiweka.

Wiki ina nafuu ambayo jedwali la ngeli halina, kwani ukurasa huruhusiwa kuwa katika jamii ya mada, ya umbo na ya hali kwa wakati mmoja. Tatizo huanza pale jamii moja inapobebeshwa vigezo viwili, kama vile "Miongozo ya zamani ya usalama". Mwongozo ukisahihishwa, hauna budi kuhamishwa. Nayo jamii yenyewe ikipewa jina jipya, kila ukurasa uliotaja jina la awali hubidi urekebishwe. Jamii tatu zilizotengana zingeruhusu sifa moja ibadilike bila kugusa nyingine.

4.0 Jamii za Hali na Dhima Yake

Kati ya vigezo hivyo, hali ndiyo yenye athari kubwa zaidi. Katika tovuti ya mradi wa MediaWiki, kurasa za programu za nyongeza hubainishwa kwa hali zake: zilizo thabiti, zilizo katika majaribio, na zisizotunzwa tena. Taarifa hiyo hujazwa katika kiolezo kilichomo ndani ya ukurasa, nacho kiolezo huuweka ukurasa katika jamii inayostahili. Manufaa ya njia hii ni kwamba majina hayategemei kumbukumbu ya kila mwandishi.

Hata hivyo, kiolezo hurudia tu kilichojazwa. Mtunzi akiiacha kazi yake bila kubadili taarifa, ukurasa utaendelea kudai uthabiti. Msimamizi wa seva ya maktaba au chuo anayeiamini jamii hiyo aweza kuweka programu yenye kasoro za usalama ambazo hakuna wa kuzirekebisha. Jamii ya mada huweza kudumu miaka mingi bila kuguswa. Jamii ya hali huhitaji mtu wa kuipitia kila mara. Mradi usio na mtu huyo ni afadhali usiwe na jamii hiyo kabisa.

5.0 Mpangilio wa Alfabeti katika Kiswahili

Ndani ya jamii, kurasa hupangwa kwa herufi ya kwanza ya kichwa. Utaratibu huu una usumbufu wake katika Kiswahili. Vichwa kama "Kuhariri", "Kutafsiri" na "Kupakia" vyote huangukia K, na orodha hupoteza faida ya alfabeti. Wanaleksikografia walishalikabili suala hili: Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 huingiza vitenzi bila kiambishi ku-. MediaWiki nayo humruhusu mwandishi kuongeza, baada ya mstari wima unaofuata jina la jamii, neno la kupangia. Akiandika "Hariri" mahali hapo, ukurasa utapangwa chini ya H huku kichwa chake kikibaki kilivyo.

6.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba ubora wa jamii hautokani na wingi wake bali na uwazi wa kigezo chake. Tunapendekeza kila ukurasa wa jamii uanze kwa sentensi moja inayotaja kinachostahili kuingia humo na kisichostahili. Jamii ambayo sentensi hiyo haiwezi kuandikwa bila kutaja vigezo viwili, na igawanywe. Kwa wanaotafsiri miongozo ya programu kwa Kiswahili, kazi hii itangulie tafsiri yenyewe, kwa kuwa ukurasa uliotafsiriwa vizuri na kupotea katika orodha haumfai msomaji aliyekusudiwa.