Mwalimu yupi akuandikie barua ya mapendekezo?

Matokeo ya KCSE yanapotangazwa, wazazi huuliza kama mtoto anahitaji barua ya mwalimu ndipo aitwe chuoni. Kwa wanaojiunga na vyuo vya humu nchini kupitia KUCCPS, jibu ni la. KUCCPS huangalia alama za KCSE na kozi alizochagua mwanafunzi. Anayekuitisha pesa ili akupe barua ya kumwingiza mtoto anakulaghai.

Barua hiyo huhitajika kwa anayeomba nafasi ng'ambo, na kwa ufadhili mwingi wa masomo. Vyuo vingi vya Marekani hutaka barua za walimu wawili waliomfundisha mwanafunzi darasani. MIT, kwa mfano, huomba moja kutoka kwa mwalimu wa hisabati au sayansi, na nyingine kutoka kwa mwalimu wa lugha au masomo ya jamii. Uingereza, ombi linalopitia UCAS huwa na maelezo ya mtu anayemfahamu mwanafunzi kimasomo. Jamaa au rafiki haruhusiwi.

Hapa ndipo wengi hukosea. Familia hukimbilia mwalimu mkuu, mhubiri au MCA kwa sababu ana jina kubwa. Mwalimu mkuu ana ripoti yake ya shule ya kujaza, na chifu na mhubiri wana sehemu yao katika fomu za basari. Lakini barua inayosema tu kwamba mtoto "ana nidhamu na bidii" yaweza kuandikiwa yeyote. Anayeisoma hajui Gesima iko wapi. Mwalimu wa kemia aliyekuwa nawe ulipopata D kidato cha pili, akakuona ukipanda hadi B, ana la kumweleza, hata kama ni mwalimu wa BOM ambaye bado hajaajiriwa na TSC.

Jingine ni muda. KCSE huisha Novemba, na vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi kati ya Novemba na mwanzoni mwa Januari. Kwa hivyo wengi wa wanafunzi wetu huomba mwaka unaofuata, wakiwa wameshatoka shuleni, na huenda mwalimu amehamishwa. Kabla ya kumaliza kidato cha nne, chukua nambari yake ya simu na barua pepe anayoisoma kweli, kwa kuwa yeye ndiye atakayeituma barua kwa mtandao.

Muulize ana kwa ana: "Mwalimu, unaona unanifahamu vya kutosha kuniandikia?" Akisitasita, mshukuru utafute mwingine. Akikubali, mpe angalau mwezi mmoja, nakala ya matokeo, tarehe za mwisho, na mambo asiyoyajua, kama vile kuchuma majani chai kila Jumamosi ili kulipa karo. Usimwandikie barua aweke sahihi tu. Fomu za Marekani huuliza kama umekubali kutoisoma, na barua usiyoiona huaminiwa zaidi.

Barua hailipiwi. Mkungu wa ndizi wa shukrani, kama ni lazima, upelekwe baada ya barua kutumwa.