Hesabu Haili Umeme, Kufuta Ndiko Kunakokula

Kuna jambo limenikaa kichwani na halitoki: kwa kanuni za fizikia, kompyuta haidaiwi nishati kwa kupiga hesabu. Inadaiwa kwa kufuta. Rolf Landauer wa IBM alilieleza hilo mwaka 1961: biti moja ikifutwa, lazima itoe joto. Katika nyuzijoto 27, kiwango cha chini kabisa ni kama jouli 3 ukizigawa kwa moja yenye sifuri 21. Transista za leo zinatumia maelfu ya mara zaidi ya hapo.

Basi tusifute? Kumbukumbu itajaa takataka. Mwaka 1973, Charles Bennett, naye wa IBM, akaja na jawabu ambalo kwangu ni zuri kupita kiasi. Chukua mashine yenye kanda tatu, asema. Ya kwanza ina swali, na hesabu inafanyikia hapo. Ya pili inatunza kila hatua iliyopitiwa. Ya tatu haina kitu. Jibu likipatikana, linanakiliwa kwenye kanda ya tatu, na kwa kuwa ilikuwa tupu, hakuna kinachopotea. Hapo mashine inageuka. Inarudi nyuma hatua moja moja, ikisoma ilikopita na kutangua ilichofanya, kama msusi anayefumua mkeka mpaka ukili wa kwanza. Huko si kufuta, maana kila hatua inajua ilikotoka. Mwishoni swali liko palepale, kanda ya pili ni tupu tena, na jibu tunalo.

Gharama ipo, na Bennett hakuificha. Joto hupungua kadiri mashine inavyokwenda polepole, ukiiharakisha, linarudi. Mwaka 1989 alionyesha kwamba hata nafasi ya kutunzia hatua hubanwa kwa kuongeza muda.

Landauer alithibitishwa mwaka 2012 mjini Lyon, Ufaransa. Punje ya silika yenye upana wa mikromita 2 ilishikwa majini kwa leza, iweze kukaa kushoto au kulia: hiyo ndiyo biti. Watafiti waliifuta kwa kuisukuma upande mmoja, ilikokuwa kokote. Kila walipokwenda taratibu zaidi, joto lilikaribia kikomo cha Landauer.

Lakini mtikisiko wa joto huikosesha mashine, na kusahihisha kosa ni kufuta. Makosa mangapi yanatosha kuimaliza faida yote? Na nani, katika dunia hii ya haraka, atakubali kusubiri?