Mnara wa Taa wa Eddystone

Baharia haogopi kilindi kama aogopavyo mwamba uliofichwa na maji. Ndiyo sababu ya kujengwa minara ya taa, ili chombo kisafiricho usiku kijue penye hatari. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za mnara uliowafunza wajenzi wengi, yaani ule wa Eddystone katika Uingereza, ulio juu ya miamba yapata maili 14 kutoka Plymouth.

Mnara wa kwanza ulijengwa na Bwana Henry Winstanley, ukawashwa mwaka 1698. Mwezi wa Novemba 1703 ikavuma dhoruba kuu. Kulipopambazuka, mnara haukuonekana, wala mwenyewe aliyekuwamo. Haukupita muda, merikebu ikavunjika papo hapo gizani. Mnara wa pili, wa Bwana John Rudyerd, ulifunikwa kwa mbao. Huo ulikwisha mwaka 1709, na mwaka 1755 ukateketea kwa moto.

Ndipo kazi ilipomfikia Bwana John Smeaton. Alitafakari jinsi mti wa mwaloni usimamavyo katika upepo, shina lake pana chini na jembamba juu, akaufanya mnara wake kwa umbo hilo, wa mawe. Kila jiwe lilichongwa lishikane na jingine, kama seremala aunganishavyo pembe za sanduku, hata wimbi lisiweze kung'oa moja peke yake. Tena, kwa kuwa chokaa ya kawaida haishiki vema majini, alijaribu chokaa za namna nyingi, akaona kwamba ile ya mawe yenye udongo wa mfinyanzi huwa ngumu hata chini ya maji. Akaichanganya na majivu ya mlima wa moto yaliyoletwa kutoka Italia. Mnara huo uliwashwa mwaka 1759 kwa mishumaa 24.

Ulidumu zaidi ya miaka 120. Mwisho wake mawimbi yaliula mwamba uliouchukua, na mnara wenyewe ungali mzima. Mwaka 1882 Bwana James Douglass alimaliza mnara mwingine karibu yake, nao wawaka hata leo. Ule wa Smeaton ulifunguliwa jiwe kwa jiwe, ukasimamishwa tena nchi kavu Plymouth. Kitako chake kingali baharini.

Basi ajengaye daraja, kisima au nyumba ya shule, na aulize kwanza maji na upepo vitapiga wapi, ndipo achague umbo, mawe na chokaa. Na akiisha kujenga, asiache kuutazama msingi.