Bukavu: Kutengeneza nyumba ya zamani nako kunaomba ruhusa

Kutoa ukuta wa mbao na kuweka matofali, kuongeza etaji, kusogeza jiko mpaka kwenye ukuta wa jirani: kwa wakaaji wengi wa Bukavu, hizo ni kazi za nyumbani zisizohusu serikali. Sheria inaona vingine. Agizo la waziri la Juni 2013, lenye kupanga namna ya kutoa ruhusa ya kujenga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haligusi majengo mapya peke yake. Linagusa pia kazi kubwa kwenye nyumba iliyokwisha kusimama.

Wengi wanalijua hilo wakiwa wamechelewa. Simenti imekwisha kununuliwa, fundi amelipwa nusu, kisha agenti wa Urbanisme anafika kusimamisha kazi. Jengo lisilo na ruhusa linaweza kubomolewa, na hasara inabaki kwa mwenye nyumba.

Karatasi mbili tofauti

Mara nyingi kosa linaanzia kwenye karatasi. Mtu ana "certificat d'enregistrement" na anaamini mambo yamekwisha. Hati hiyo inatolewa na ofisi ya ardhi, kwa msingi wa sheria ya 20 Julai 1973, na inaonyesha nani ana haki juu ya kiwanja. Haisemi kama kiwanja hicho kinaweza kubeba etaji mbili. Hilo linachunguzwa na ofisi ya Urbanisme na Habitat.

Sahihi ya shefu wa avenyu, ao mapatano na jirani hata mbele ya mashahidi, haiwezi kuchukua nafasi ya ruhusa hiyo.

Maji yako, ardhi ya jirani

Katika mji wa milima, jambo hili si la karatasi tu. Funu, katika tarafa ya Kadutu, ardhi inateremka polepole chini ya nyumba za watu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature Geoscience ulilinganisha picha za ndege na za setilaiti za muda wa karibu miaka 70. Ulionyesha kwamba kuongezeka kwa nyumba kumebadilisha njia za maji na kusaidia ardhi kuteremka kwa kasi zaidi.

Maana yake ni nyepesi kuelewa. Mabati mapya bila mfereji mzuri, ao bomba lenye kuvuja, yanapeleka maji kwenye udongo wa mtu anayekaa chini. Ukikata mlima ili kupanua chumba bila kujenga ukuta wa kuzuia udongo, nyumba ya juu inapoteza mahali pa kuegemea.

Kuna pia matetemeko. Lile la 3 Februari 2008 liliua watu Bukavu na ng'ambo ya Ruzizi, nchini Rwanda, na kupasua nyumba nyingi. Etaji iliyowekwa juu ya msingi uliotengenezwa kwa nyumba ya chini peke yake ni hatari kwa wote waliomo. Tena, wakati wa moto, kila njia iliyozibwa na chumba kipya ni njia ambayo watu hawawezi kupita kukimbia.

Namna ya kufanya

Kupaka rangi ao kubadilisha bati lililotoboka si sawa na kuongeza uzito, urefu ao upana wa nyumba. Kwa kazi za namna hii ya pili, mwenye nyumba anapeleka hati ya kiwanja pamoja na michoro ya nyumba ilivyo na itakavyokuwa. Afadhali kuuliza kwanza ofisini ni karatasi gani nyingine zinaombwa. Pesa zinalipwa kwa kufuata "note de perception", na risiti inachungwa. Anayeomba pesa mkononi bila kutoa karatasi hakupi ulinzi wowote. Kesho agenti mwingine atakuja na kuomba tena.

Wakaaji wanalalamika kwamba gharama ni nzito, mafaili yanakawia, na nyumba zinaendelea kuota kando ya mabonde mbele ya macho ya viongozi. Malalamiko hayo yanaomba jibu. Lakini hayazuii udongo kuteremka.

Kwa familia yenye kuweka akiba kidogo kidogo, hatua ya kwanza ni kufika Urbanisme kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa simenti, na kuongea na jirani wa chini kabla ya fundi kushika chepe.