Jua, Unga wa Titani na Maji ya Lambo

Kichocheo cha mwanga ni kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia pale tu kinapopigwa na mwanga, nacho chenyewe hakiishi. Kinachotumika zaidi kusafishia maji ni titani dioksidi, unga uleule unaoipa rangi ya ukutani weupe wake. Madini yake hayatoki mbali: mchanga wa Kwale, pwani ya Kenya, ulichimbwa kwa ajili hiyo tangu 2013 hadi mwishoni mwa 2024.

Mionzi ya urujuanimno ikiufikia unga huo majini, elektroni huchomoka na kuacha tundu. Tundu hunyang'anya elektroni kwenye maji, ile iliyochomoka hudakwa na oksijeni, na hapo huzaliwa chembe kali za hidroksili. Maisha yao ni mafupi kuliko kufumba na kufumbua, lakini hutosha kutoboa kuta za bakteria na kukatakata viuatilifu, rangi za viwandani na mabaki ya dawa, hadi vibaki kaboni dioksidi, maji na chumvichumvi. Klorini huua vijidudu vizuri, ila sumu nyingi za shambani huziacha zilivyo.

Mwaka 1972 Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walionyesha kwamba titani dioksidi iliyomulikwa hupasua maji yenyewe. Mwaka 1977, nchini Marekani, watafiti Frank na Bard wakaitumia kuharibu sianidi majini. Habari hiyo inauhusu Mkoa wa Tabora, Tanzania, moja kwa moja: sianidi hutumika kukamulia dhahabu, na Nzega iliwahi kuwa na mgodi mkubwa wa dhahabu, nayo tumbaku ya mkoa huo hutumia viuatilifu.

Huko Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui mkoani humo, kiangazi huwa kirefu na jua halikosekani. Hata hivyo, jua peke yake halitoshi. Urujuanimno ni takriban asilimia 5 tu ya nguvu ya jua, na maji ya lambo yenye tope huuzuia usipenye. Unga nao lazima utolewe majini baada ya kazi, la sivyo ugandishwe kwenye kioo, na ukigandishwa kasi hupungua. Floridi, inayosumbua Singida na Shinyanga, haiguswi kabisa, kwa kuwa mwanga huvunja molekuli, elementi haivunjiki.

Ndugu wa karibu wa njia hii hahitaji unga wowote: chupa angavu ya plastiki, isiyozidi lita 2 au 3, hujazwa maji na kulazwa juani saa 6, au siku 2 kukiwa na mawingu. Maji ya tope huachwa kwanza yatuame. Kipimo chake ni rahisi: chupa husimamishwa juu ya gazeti na kuchunguliwa kutoka mdomoni, maandishi yakisomeka, maji yanafaa kuanikwa. Huko Kajiado, Kenya, utafiti uliochapishwa 1996 uliwafuatilia watoto wa Kimaasai 206. Waliokunywa maji yaliyoanikwa waliharisha kidogo kuliko wale ambao chupa zao zilikaa ndani.

Kwa hiyo, kwa kaya ambayo haijafikiwa na maji ya bomba, kuchemsha au kuanika chupa ndiyo njia ya leo. Mahali pa titani dioksidi ni kwenye maji taka ya migodi na viwanda, tena yaliyokwisha kuchujwa tope.