Tarumbeta la Marehemu Lina Thamani Gani?

Mwezi uliopita niliitwa katika nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa, kuwagawia watu mirathi. Kazi yenyewe haikuwa nzito. Marehemu aliacha mjane, wana wawili wa kiume na mabinti watatu; hakuwa na deni wala wasia, na nyumba aliyokaa ilikuwa ya kupanga. Warithi kama hao hugawana mafungu manane pasi na kubaki kitu: mjane fungu moja, kila binti fungu moja, kila mwana wa kiume mawili. Cherehani, samadari, makasha mawili na akiba kidogo ya benki, vyote tulikwisha kuvikadiria kabla ya adhana ya alasiri. Kilichotukwamisha ni kitu kilichotolewa chini ya kitanda, kimeviringishwa katika kikoi kikuukuu.

Lilikuwa tarumbeta, lile fupi ambalo wenye bendi huliita koneti. Shaba yake ilikuwa imefifia, mahali pengine imeota kutu ya kijani, na kidomo cha kupulizia hakikuwapo. Mbele, palipopanuka, palikuwa na maandishi yaliyochorwa kwa mkono: Hawkes & Son, Denman Street, Piccadilly Circus, London.

“Shekhe, hii ni shaba tu,” akasema mwana mkubwa. “Jana amepita mnunuzi wa skrepu akaipima, kilo moja na kidogo. Atatoa shilingi 600. Tugawane yaishe.”

Dadake hakukubali. Alisema babu yao alilinunua baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, zama za beni, na baba yao akalipiga katika harusi za mitaani hadi meno yalipomtoka. “Kitu kilichotuvisha na kutulisha kitauzwa kama bomba la choo?” Mama yao alikuwa kimya, anatazama mkeka.

Vijana wa leo huenda hawaijui beni. Ilikuwa ngoma ya kuigiza bendi za kijeshi, iliyoanza katika mwambao wetu miaka ya 1890, Lamu na Mombasa, kisha ikaenea bara hadi mbali kabisa. Hapa Mombasa palikuwa na vyama vya Kingi na Scotchi, na mashindano yao yalimaliza mali za watu, kwani kila upande ulitaka kuushinda mwengine kwa mavazi, karamu na ala. Mwanachuoni Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Basi tarumbeta hilo halikuja Mombasa kwa bahati nasibu.

Mwana mkubwa, ambaye alisoma kwangu utotoni, alinikumbusha jambo nililomfundisha mwenyewe: kwamba katika vitabu vyetu wapo mafakihi waliosema ala ya muziki haihesabiwi kwa ufundi wake bali kwa madini yake tu. Rai hiyo ipo, sikuweza kuikana mbele ya mama yake, na zipo nyengine. Lakini siku hiyo sikuitwa kutoa fatwa ya muziki. Binti mmoja yuko Muscat, hakuwapo kikaoni, na mimi sikuona njia ya kuridhia kwa niaba yake bei ya mtu wa kwanza aliyepita mlangoni na mizani. Niliwaomba wiki mbili niwaulize wajuzi. Yafuatayo ni niliyojifunza, na nayaandika kwa sababu najua makasha ya mwambao huu yana vitu vya shaba vingi kuliko wenyewe wanavyodhani.

Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na katika matarumbeta aghalabu ni sehemu 70 kwa 30. Mafundi wengine huongeza shaba nyekundu hadi 85, rangi ikakolea, na sauti, kama wasemavyo wapigaji, ikawa na joto zaidi. Madini hayo kwa kilo hayana bei ya kutisha. Kinachouzwa ni mkono uliopita juu yake.

Fundi hukata bamba moja, akalikunja, akaunga kingo zake kwa moto, kisha akaligonga kwa nyundo juu ya kalibu ya chuma mpaka likafunguka kama ua. Shaba ikigongwa sana huwa ngumu na kutaka kupasuka, kwa hivyo huirudisha motoni ikalainika, akagonga tena, akairudisha tena. Ukiliweka tarumbeta la namna hiyo penye mwanga, ikiwa halikupakwa vanishi nzito, utaona mstari mwembamba wa kiungo ukipita kwa urefu. Mabomba yake hayapindwi yakiwa matupu, maana yatajikunja kama mrija wa karatasi. Zamani yalijazwa lami iliyoyeyushwa, ikaganda, yakapindwa, kisha lami ikatolewa kwa moto. Siku hizi karakana nyingine hutia maji ya sabuni na kuyagandisha yakawa barafu. Kisha zije pistoni tatu. Kila moja husuguliwa ndani ya mwanzi wake mpaka pumzi isipite pembeni, na hapo hapo kidole cha mtoto kiweze kuizamisha. Mzee mmoja aliyekuwa kiongozi wa bendi, ambaye nitamtaja tena, aliniambia kuwa pistoni ndizo moyo wa bei. Mengine yote yanarekebishika kwa nyundo na subira.

Sasa linganisha. Matarumbeta ya wanafunzi yanayotoka viwandani, hasa China, hutengenezwa kwa mashine kwa maelfu, na bei yake kila mzazi anaimudu. Tarumbeta la kazi, kama lile lenye chapa ya Bach liitwalo Stradivarius, likiwa jipya hupita dola 3,000. Juu kabisa wako mafundi wachache wanaomtengenezea mtu mmoja mmoja. David Monette wa Portland, Marekani, ambaye matarumbeta yake hupigwa na Wynton Marsalis, huuza baadhi ya kazi zake kwa zaidi ya dola 10,000. Nilipoisoma bei hiyo niliirudia mara mbili nikidhani nimeongeza sifuri.

Hapo mtu hukimbilia kusema: basi la babu, lililofuliwa kwa mkono na lina karibu miaka mia, litakuwa mali ya kutisha. Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Katika ala za nyuzi, kama fidla, uzee huongeza bei. Katika shaba, mara nyingi uzee huipunguza, kwa sababu pumzi ya binadamu ina maji, na maji hayo huila shaba kutoka ndani. Zinki hutoka polepole, hubaki shaba nyekundu yenye vitundu kama sifongo, na kwa nje huonekana madoa ya rangi ya waridi. Bomba la kwanza, lile linalopokea kidomo, ndilo huoza mbele ya mengine. Anayenunua huchungulia hapo kabla ya kuuliza bei.

Yapo matarumbeta ya zamani yanayopandishwa bei, lakini kwa sababu zinazojulikana. Vincent Bach alitengeneza matarumbeta New York, akahamia Mount Vernon mwaka 1953, akauza kampuni yake mwaka 1961, na kazi ikapelekwa Elkhart, Indiana. Leo wapigaji wanasoma maandishi yaliyochorwa juu ya tarumbeta, na yale yaliyotoka mikononi mwa Bach mwenyewe, kabla ya kuuza, huyatolea fedha zaidi. Chapa ni ile ile na umbo ni lile lile. Wanalipia mtu aliyesimama karakanani. Kwa upande mwengine, tarumbeta lililofuliwa makusudi kwa mdomo wa mtu mmoja huwa gumu kuuzika tena, kwa kuwa mnunuzi wa pili hana mdomo ule. Fundi alilipwa kwa kila saa yake, lakini soko la pili haliwajibiki kuzirudisha saa hizo.

Nilipeleka koneti yetu kwa yule mzee wa bendi. Hakuigusa mpaka alipokunywa kahawa yake. Kisha akaiweka mapajani, akachomoa bomba moja la kurekebishia sauti, akaziba upande mmoja kwa kidole na kupuliza upande wa pili, akazamisha pistoni moja moja na kusikiliza pumzi inapovuja. “Pistoni nzima,” akasema. Bomba la kwanza alilikuna kwa ukucha, akanionyesha madoa matatu ya waridi. Bomba jengine lilikuwa limeganda, halitoki. Kulikuwa na bonyeo mbili, moja imewahi kunyooshwa na mtu asiyejua. Kuhusu jina alinieleza kwamba Hawkes & Son iliungana na Boosey & Co. mwaka 1930 ikawa Boosey & Hawkes, kwa hiyo kitu chenye jina la Hawkes peke yake ni cha kabla ya hapo. Maneno ya binti juu ya babu yao yakawa yamepata shahidi.

Kisha akanipa habari iliyoshusha bei. Bendi za Uingereza zama hizo zilipiga kwa sauti ya juu kuliko ipigwayo leo, na ziliendelea hivyo hadi miaka ya 1960 zilipobadilisha. Koneti ya wakati ule haipatani na bendi ya sasa isipokuwa mabomba yake yarefushwe. Mpigaji wa leo haitaki. Anayeitaka ni mkusanyaji wa vitu vya kale, na wakusanyaji si wengi, na koneti za namna hii huko kwao hazijaadimika.

Aliniusia pia kwamba wasiisugue. Mwana mdogo alikwisha kununua dawa ya kung'arishia ili “ipendeze sokoni.” Kumbe kila msuguo mkali huondoa ngozi ya shaba na kufuta maandishi ya mkono, na mnunuzi mjuzi akiona ala kongwe inang'aa kama sufuria mpya hushuku kuwa kuna kiraka kimefichwa. Hushuku kwa haki. Muuzaji anayepaka vanishi juu ya bonyeo na bomba bovu kisha akanyamaza, huo ndio ghushi tunaousoma katika mlango wa biashara, na mnunuzi ana haki ya kurudisha.

Jambo la sheria nalo nililiangalia. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa ni cha kale kila kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na kitu kama hicho hakitolewi nchini bila kibali. Milango na miimo iliyochongwa kabla ya 1946 nayo ina hifadhi yake. Koneti hii iliingia baada ya mwaka huo, hivyo warithi wako huru. Lakini wenye madele, sinia na mabuli ya shaba ya mababu wa mababu wasimsikilize dalali anayewaharakisha. Na ipo ala ya shaba ya mwambao huu ambayo hairithiwi wala haina bei: siwa ya Lamu, iliyomiminwa kwa kalibu za nta na kuandikwa kwa Kiarabu, iliyomo Makumbusho ya Lamu pamoja na siwa ya pembe ya Pate. Hiyo ilikuwa ya mji. Sijui kwa nini watoto wetu wa Mombasa wanapelekwa matembezini kila mahali isipokuwa kwenda kuitazama.

Turejee kwenye hesabu. Kijana wetu mmoja aliyeko Uingereza alizungukia wauzaji na watengenezaji wa ala, akatuletea bei ambayo koneti za aina na umri huo, zikiwa katika hali nzuri, huuzwa dukani: kwa fedha zetu, kama shilingi 30,000. Hiyo si bei ya chetu. Bei ya dukani ina faida ya mwenye duka, na ina matengenezo aliyokwisha kuyafanya. Tukatoa 8,000 za kubadilisha bomba la kwanza na kulitoa lililoganda, tukatoa 6,000 za usafirishaji na ujira wa atakayeuza. Zikabaki 16,000. Kwa mafungu manane, kila fungu 2,000.

Niliwasomea warithi hesabu hiyo mstari kwa mstari, na binti wa Muscat akisikiliza kwa simu. Mwana mkubwa alicheka kidogo, akasema, “Shekhe, kutoka 600 hadi 16,000!” Dadake alinyamaza, nadhani alitarajia zaidi, na ilinibidi nimweleze tena habari ya sauti ya juu na madoa ya waridi. Hakuna aliyetaka iuzwe. Yule binti aliyeipigania ndiye aliyeichukua, kwa kadirio hilo. Fungu lake la 2,000 likahesabiwa ndani yake, na 14,000 zilizosalia zikakatwa katika sehemu yake ya akiba ya benki, zikagawiwa wenzake. Wote wakaridhia, tukasoma Fatiha.

Siku nne baadaye mama yao alinipigia simu. Alikuwa anapanga nguo katika kasha, akakuta kidomo kimefungwa katika kitambaa cheupe, kimepakwa fedha, kizima. Mume wake alikificha mwenyewe ili wajukuu wasikichezee. Yule mzee wa bendi alikikadiria kwa shilingi 2,400, nami nikarudi nyumba ile ile na karatasi mpya, kila fungu likaongezwa shilingi 300.